Randa hulala wapi?

Kutu haipigi hodi. Asubuhi moja nilifungua kabati nikitaka randa ndefu, ile ya kunyooshea kingo za mbao kabla ya kuziunga kwa gundi, nikakuta uso wake wa chini umetapakaa vidoa vya rangi ya chungwa. Nilipopitisha kidole, kidole kilirudi na unga. Wiki tatu zilikuwa hazijatimia tangu niifute na kuirudisha mahali pake, na mahali penyewe palikuwa pa kifahari: kabati la ukutani la mbao za mwaloni, milango miwili, bawaba za shaba, ndani nimetandika kitambaa kizito cha sufu cha rangi ya kijani. Kila randa ilikuwa na kitanda chake kilichochongwa kufuata umbo lake. Kulijenga kulinichukua jioni za miezi miwili. Mgeni akiingia karakana nilimfungulia milango ya kabati kabla sijampa kiti.

Kabati hilo leo linatunza makopo ya rangi. Randa zangu ziko mahali pa nne tangu nianze kazi hii, na naamini hapa hazitahama tena, ingawa nilisema hivyo hivyo siku niliyomaliza kufunga zile bawaba za shaba.

Watu wakikaa kuzungumzia randa, huzungumzia kunoa. Pembe ya kisu, kinoo cha kwanza, kinoo cha pili, ngozi ya kumalizia. Mazungumzo hayo hayana mwisho. Mahali pa kuiweka randa baada ya kazi hutajwa kwa pumzi moja tu: weka pakavu. Basi. Lakini hebu piga hesabu. Hata mtu anayeingia karakana kila jioni, randa yake moja hushikwa labda nusu saa kwa siku. Saa ishirini na tatu na nusu zilizobaki inakaa tu. Nimeharibu randa tatu maishani, moja kiasi cha kutotengenezeka, na hakuna hata moja iliyoharibikia kazini.

Tabu ya randa ni kwamba imekusanya matatizo ya zana tatu katika mwili mmoja: ina uzito wa nyundo kubwa, ukali wa patasi, na wepesi wa kuvunjika wa sahani. Namba za kutofautishia randa ambazo wengi tunazitumia hadi leo ni za kampuni ya Stanley ya Marekani, iliyonunua haki za randa za chuma za mvumbuzi Leonard Bailey mwaka 1869. Namba 4, ya kulainishia, ina urefu wa sentimita 23 hivi na uzito wa kilo 1.7. Namba 5, ya kazi zote, ni sentimita 36 na kilo mbili na ushee. Namba 7, hiyo ndefu yangu, ni sentimita 56 na inakaribia kilo 3.7. Mwili wake ni chuma cha kusubu, na ndani ya chuma hicho mna vipande vyembamba vya grafiti. Hivyo ndivyo vinavyokifanya kichongeke vizuri na kumeza mtetemo, na hivyo hivyo ndivyo vinavyokifanya kipasuke badala ya kupinda. Nyundo ikianguka sakafuni unaiokota. Randa ikianguka, unaokota vipande vyake.

Mahali pa kwanza palikuwa sanduku. Fundi aliyenifundisha alikuwa na lake, na mwanafunzi huiga mwalimu hata kikohozi. Sanduku ni jibu la kale, wala si la kijinga. Meli ya Kiingereza iitwayo Mary Rose ilizama mwaka 1545, ikaopolewa mwaka 1982, na miongoni mwa zana za useremala zilizotoka humo zimo randa za mbao ambazo fundi wa leo angezishika na kuanza kazi bila kuuliza swali. Fundi wa melini, kama fundi yeyote anayeifuata kazi iliko, hana hiari: zana zake lazima zifungiwe, zibebeke, zisiibwe. Utaratibu wa masanduku ya zamani ulikuwa na akili. Randa, kwa uzito wake, zilikaa chini kabisa, na juu yake zikapangwa trei zinazoteleza zenye patasi na vidude vidogo.

Lakini mimi siifuati kazi popote. Nina meza moja, mlango mmoja na dirisha moja. Kila nilipotaka randa nilipiga magoti, nikainua kifuniko, nikasukuma trei mbili, kisha nikaitoa namba 5 ili niipate namba 4 iliyo nyuma yake. Ukifanya hivyo mara tatu ndani ya saa moja, mgongo unaanza kukuuliza umri wako. Bila hata kuamua, nikaacha kuzirudisha. Ilipofika jioni meza ilikuwa imejaa randa zinazogongana mbavu, na sanduku tupu kabisa limefunikwa vizuri. Kwa muda mrefu nilijilaumu kwamba mimi ni mvivu. Sikulilaumu sanduku hata mara moja.

Mahali pa pili palikuwa rafu, na hapo ndipo nilipoipoteza ile randa isiyotengenezeka. Niliipigilia rafu ukutani juu ya meza, kimo cha macho, nikazipanga randa zote kwa urefu kama wanafunzi mstarini. Zilipendeza, na zilishikika kwa urahisi. Nilichosahau ni kwamba meza yangu imekazwa kwenye ukuta ule ule. Siku moja nilikuwa nachimba matundu ya kuungia miguu ya meza ndogo, patasi mkono huu, nyundo ya mti mkono huu, na kila pigo lilikuwa linasafiri kutoka kwenye meza hadi ukutani na kutoka ukutani hadi kwenye rafu. Unyayo wa randa, maana ndivyo ninavyouita ule uso wake wa chini, ni laini, na rafu yangu niliipiga vanishi. Randa zilikuwa zinatembea. Milimita moja kwa pigo, labda pungufu ya hapo. Namba 5 ilifika ukingoni mimi nikiwa nimeinama.

Haikunigonga, namshukuru Mungu. Iligonga kona ya meza, kisha sakafu ya saruji, na ufa ukatokea pale pale unapotokea karibu siku zote, ubavuni mwa mdomo, sehemu ambayo chuma kimekatwa ili kisu kipite na kimebaki chembamba. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nilijiambia nikiiokota. Mchomeleaji mmoja alikubali kwamba anaweza kuiunga kwa shaba, ila akanionya kwa uaminifu kwamba joto lile litaupinda unyayo, nami nitakuwa na kazi ya kuunyoosha upya kwa wiki nzima. Nilivua kisu, mpini na skrubu zake nikaviweka akiba. Mwili ninao hadi sasa, unakandamiza karatasi zenye michoro.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye kabati. Mtu aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ong'o, nami nilichotaka ni milango, vizuizi, vitanda vya kitambaa. Nisione tena randa ikitembea.

Turudi kwenye ile asubuhi ya kutu. Mwanzoni nilidhani nilikosea kuifuta. Kumbe kuifuta ndilo jambo pekee nililopatia.

Kwanza mbao zenyewe. Mwaloni una tanini nyingi, na kila aliyewahi kuacha kibanio cha chuma juu ya ubao wa mwaloni wenye unyevu anajua lile doa jeusi linalobaki. Hilo halikuwa kubwa, maana kitambaa kilitenganisha. Kubwa ni kwamba mbao za mwaloni hutoa mvuke wa asidi, ile ile iliyomo kwenye siki, kidogo kidogo kwa muda mrefu. Katika chumba kilicho wazi mvuke huo hautambuliki. Ndani ya kabati ambalo milango yake nimeitengeneza kwa ustadi hadi unywele haupenyi, hauna pa kwenda. Kumbe ustadi wangu nao ulichangia!

Kisha kitambaa. Sufu hunyonya unyevu wa hewa na kuushika, na mimi niliutandika chini ya unyayo, sehemu ambayo ndiyo nguvu ya randa. Ni kama kumlaza mtoto kwenye shuka mbichi. Ngozi nayo ina lawama zake, kwa sababu chumvi na kemikali za kulainishia ngozi hubaki ndani yake. Siku hizi nikitaka kitu laini kati ya chuma na ubao, natumia ubao mlaini zaidi.

Lakini jambo lililonitatiza lilikuwa hili: ndani ya kabati lile lile, kwenye mlango, zilikuwamo patasi sita, nazo zilikuwa safi. Randa ndogo ilikuwa na kidoa kimoja. Namba 7 ndiyo iliyooza. Kabati moja, hewa moja, mafuta yale yale. Kwa nini?

Jibu ni uzito. Hewa ya nyuzi 25 za Selsiasi yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kudondosha umande ikikutana na kitu chenye nyuzi 21. Usiku karakana hupoa, na kila kilichomo hupoa. Asubuhi hewa hupata joto upesi, tena hubeba mvuke mwingi zaidi kadiri jua linavyopanda. Patasi ni bapa jembamba; baada ya dakika chache lina joto la hewa. Kilo 3.7 za chuma cha kusubu hazina haraka hiyo. Zinabaki baridi muda mrefu, na muda wote huo hewa inazipaka maji, utando mwembamba usioonekana kwa jicho. Kabati langu lilikuwa kwenye ukuta wa nje, ukuta wenye baridi kuliko zote. Na hata umande usipotua, unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 60 kwa siku nyingi kutu hupata chakula chake, hasa penye vumbi au chumvi ya jasho. Mchana ule nilipoifuta namba 7 nilikuta ubavuni alama ya kidole gumba changu, mistari yote imechorwa kwa kutu, kama niliyeitia sahihi.

Halafu kulikuwa na chupa. Naona aibu kuitaja lakini huenda ikamsaidia mtu. Sakafuni, chini ya kabati, nilikuwa nimehifadhi asidi ya kusafishia vigae iliyobaki baada ya ukarabati wa nyumba. Kifuniko nilikikaza. Asidi ya aina ile hupumua hata ikifungwa, na mvuke wake hula chuma chochote kilicho jirani. Nilipoisogeza nikaona bawaba ya mlango wa karibu nayo imevaa kutu. Ilitoka nje siku hiyo hiyo. Kama karakana yako inaingia kutu bila sababu, kabla ya kununua mafuta ya aina yoyote, kagua kwanza chupa zilizoko pembeni. Kagua pia mbao mbichi: rundo la mbao zilizopasuliwa karibuni, likiachwa ndani ya chumba kidogo ili likauke, linakausha maji yake kwenye hewa ile ile ambayo randa zako zinaivuta. Hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi nje ni hivyo hivyo, maana gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji.

Nisilionee kabati. Wapo wenye makabati na randa zao zinang'aa. Wanatumia mbao zisizo na asidi nyingi, wanaacha upenyo juu na chini hewa ipite, wanalitenga na ukuta kwa vijiti, wanaweka vifuko vya jeli ya silika inayonyonya unyevu na kukumbuka kuvikausha vikishiba. Wengine huweka kipande cha kafuri kwenye droo, desturi ya siku nyingi ya mafundi wa vyuma, au karatasi maalumu inayotoa mvuke wa kuzuia kutu. Yote hayo yanafanya kazi. Ningeweza kuyafanya yote, nikalirekebisha kabati langu, na makala hii ingeishia hapo.

Kilichonitoa kabatini ni msasa.

Nilikuwa naandika orodha ya vifaa vilivyokwisha, nikagundua kwamba kwa miezi ile ya kabati nilimaliza msasa mwingi kuliko mwaka mzima uliotangulia. Nikajiuliza nimeunda nini cha ajabu. Sikuunda chochote cha ajabu. Ila kila nilipohitaji kuondoa unywele mmoja wa ubao, kulainisha ukingo, kupunguza droo inayokwama, mkono ulikwenda kwenye kipande cha msasa kilichokuwa mezani badala ya kwenda kufungua milango miwili, kutoa randa kitandani mwake, na baadaye kuifuta, kuilaza upya, kufunga milango. Kazi ya mapigo matatu ya randa ilikuwa imegeuka dakika kumi za vumbi. Milango ile ilinizuia mimi kuliko ilivyozuia unyevu. Na randa isiyotumika haifutwi, na isiyofutwa huota kutu, hivyo kabati lilikuwa linaziua kwa njia mbili.

Ndipo nikakumbuka lile sanduku tupu na meza iliyojaa. Mkono ulishanieleza miaka mingi kabla kwamba unataka randa ziwe wapi: karibu na meza, mbele yake, bila kifuniko, bila kuinama. Nilichotakiwa kufanya ni kupajenga pahali hapo pawe salama.

Nilichokijenga nakiita mteremko. Ni ubao mpana unaoegemea nyuma, umezungushiwa fremu, chini una kizingiti. Randa zinasimama juu ya kizingiti kwa kisigino, pua juu, unyayo umeegemea ubao, na kati ya randa na randa kuna kipande chembamba cha kutenganisha. Kila mtu aliyejenga kitu kama hiki ana nyuzi zake anazoziapia. Mimi nilijaribu kwa kushika ubao na kuiegemeza namba 7 juu yake. Ubao ukisimama wima kabisa, randa inataka kuja kifuani kwako. Ukilala sana, unakula nafasi ya chumba na kukusanya vumbi kama meza. Nyuzi 20 nyuma ya wima ziliniridhisha: nilipiga ukuta ngumi, randa haikushtuka. Kwa kipimo hicho, randa ya sentimita 56 inadai kina cha sentimita 19 kwa ajili ya mwinamo peke yake. Ongeza kimo cha randa yenyewe toka unyayoni hadi ncha ya mpini, utafika sentimita 32 hivi. Pima hilo kabla hujakata ubao. Mimi nilikata kwanza.

Mbao ni za msonobari, masalio. Nimejifunza kutounda vitu vya karakana kwa mbao za sebuleni. Kitu cha msonobari ukikichoka unakibomoa bila huzuni, na kitu kinachobomoleka bila huzuni ndicho kinachoboreshwa.

Nafasi kati ya vitenganishi nilizikosea mara ya kwanza. Nilipima upana wa mwili wa randa nikaongeza milimita tano, nikasahau kwamba kitakachoingia pale si randa peke yake, bali randa na vidole vyangu vimeizunguka. Vifundo vya vidole viligonga jirani kila nilipotoa namba 4. Sasa kila randa ina sentimita mbili za ziada, na vitenganishi vimepunguzwa urefu viishie katikati ya ubao: chini vinazuia randa zisigusane, juu vinauachia mkono njia.

Kuna kitu kimoja kidogo ambacho najivunia kuliko kabati zima. Kila randa ina mdomo wake mahali tofauti kwenye unyayo. Nilisimamisha kila moja mahali pake, nikapiga alama ya penseli kwenye ubao mdomo ulipo, kisha nikachimba hapo mfereji wa kina cha milimita tatu kukatiza njia yake. Kisu kinakaa juu ya uwazi, hakigusi kitu. Sihitaji kukirudisha ndani kila jioni na kukitoa tena kesho yake, na randa inabaki na unene ule ule wa maranda niliouacha. Mwenye kujua raha ya kuokota randa ambayo tayari imepangwa ataelewa kwa nini nilitumia Jumamosi nzima kwa vimfereji vitano.

Hapo ndipo tunaingia kwenye ugomvi mkongwe: ilazwe ubavu au isimame kwa unyayo? Wengi tulifundishwa kulaza ubavu, na aliyekosea alipigwa jicho. Nadhani ni kanuni ya darasani, mahali penye wanafunzi ishirini na meza zenye misumari. Kwenye meza yangu mwenyewe, juu ya ubao msafi, nasimamisha randa kwa unyayo bila wasiwasi. Kisu kilichonolewa kukata mbao hakitaumizwa na mbao. Ukiilaza ubavu umekielekeza kisu upande wa patasi iliyo jirani, na ule wenzo wa kusawazisha kisu kulia na kushoto unaweza kusukumwa bila wewe kujua. Nimekuta wazee ambao hawataki kulisikia hili, nami sibishani nao wakiwa kwangu. Wakiilaza, naiacha hivyo mpaka watoke.

Swali la pili ambalo huulizwa ni kama kibano kinachoshikilia kisu kilegezwe randa ikipumzika. Kwa randa ya chuma, mimi sikilegezi. Chuma hicho hakichoki kwa kubanwa kiasi cha kawaida, na kukilegeza ni kuvuruga mpangilio. Randa ya mbao ni habari nyingine. Mwili wake hupanuka na kunywea kwa majira, na kabari inayobana kisu, ikikazwa wakati wa ukavu, inaweza kubanwa vibaya unyevu ukirudi, hata kupasua mashavu ya mdomo. Ikienda kulala kwa wiki nyingi, nagonga kisigino chake kwa nyundo ya mti, kabari inaachia, naiacha imekaa kwa wepesi tu. Mafundi wa Kijapani, ambao randa zao huvutwa badala ya kusukumwa na mwili wake ni bonge moja la mbao, hurudisha kisu nyuma kwa sababu hiyo hiyo, ili mwili usikae umebanwa. Randa za mbao pia hazipendi dirisha. Jua la saa mbili upande mmoja linatosha kuupinda unyayo, na utamlaumu mnoaji.

Kuhusu mafuta sina mengi. Kitambaa cha pamba chenye mafuta ya mashine, ndani ya kopo lenye kifuniko, limekaa kwenye kona ya mteremko. Kabla ya kuirudisha randa natoa maranda yaliyokwama mdomoni, kwa sababu yanashika unyevu kama sifongo na kutu ya kwanza huanzia hapo, kisha napitisha kitambaa unyayoni na mbavuni. Sekunde kumi. Kesho yake, kabla ya kugusa ubao, nafuta kwa kitambaa kikavu na kuchora mstari mmoja wa mshumaa kwenye unyayo. Randa inateleza utadhani imepungua uzito. Ila kama mafuta yako ni ya kitani, usiache kitambaa chake kimekunjwa popote. Kinapokauka kinazalisha joto, na kikiwa kimekunjwa joto hilo linaweza kukiwasha moto chenyewe. Kitandaze nje.

Uzito wa jumla niliupima kwa mizani ya bafuni: mteremko na randa zake, kilo 21. Hilo si pambo la kutundikwa kwa msumari. Nimelishikilia kwa bolti nne kwenye ukuta wa ndani, ukuta ambao meza haiugusi, nalo limekaa upande wa mkono wangu wa kulia, hatua moja kutoka kwenye jiliwa la kubania mbao. Kizingiti kiko kimo cha nyonga. Randa nzito iko karibu na meza, nyepesi ziko mbali, tofauti na ule mpangilio wa kwanza wa wanafunzi mstarini, maana kilo 3.7 sitaki kuzibeba nikizinyooshea mkono mbali na mwili.

Sasa ni mwaka wa pili. Namba 7 ina kivuli hafifu pale palipokuwa na kutu, kimekwanguka kikabaki rangi ya moshi, hakizuii kazi. Kutu mpya nimeiona mara moja, kwenye skrubu ya mpini, wiki ambayo sikuwa nyumbani. Msasa upo, mwingi tu, unaanza kupauka.

Kuna nafasi ya tano niliyoipima kwa uangalifu wote, mfereji wake na vitenganishi vyake, kwa ajili ya ile randa ndogo ya mkono mmoja ya kukatia ncha za mbao na kuvunjia kingo kali. Haijawahi kulala pale hata usiku mmoja. Mchana iko mfukoni mwa aproni, jioni iko mezani kwenye kona ile ile, juu ya kipande cha ubao nilichokikata kwa kazi nyingine. Nafasi yake imechukuliwa na penseli na kile kipande cha mshumaa. Wiki iliyopita nilikiangalia kile kibao cha mezani, nikachukua patasi, nikakichimba mfereji wa milimita tatu.